Mtaro wa Rangi na Vioo vya Mama

Zamani hukuhitaji kuuliza nyumbani kwetu wametia rangi gani. Ulitazama mtaroni tu. Mama akitia vitambaa vyake kijani, mtaro ulishuka kijani mpaka bondeni kwenye majaruba ya mpunga. Akitia zambarau, ulishuka zambarau, na watoto wa mtaa walichovya vijiti wakachora kuta za watu. Mgeni akipotea aliambiwa afuate maji yenye rangi, atatukuta. Mimi niliona ni jambo la kuchekesha, hata la fahari kidogo. Sikuwa na mpunga bondeni.

Ni Bariadi ninayoizungumzia, pembezoni mwa mji, pale nyumba zinapoisha na bonde linapoanza. Mama alilima pamba upande wa Dutwa tangu usichana wake mpaka mgongo ulipomwambia basi. Miaka yote hiyo aliichuma pamba nyeupe, akaifungasha, akaipeleka, kisha akaenda gulioni kununua kitenge kilichotoka asikokujua. Alipohamia mjini alijifunza batiki kwa akina mama wa kanisani. Tangu siku alipochomoa kitambaa chake cha kwanza kwenye beseni, cha bluu iliyokoza, hakutaka kusikia habari za kazi nyingine.

"Ng'wana wane," aliniambia, maana yake mwanangu, "pamba nimeishika maisha yangu yote ikiwa uchi. Sasa ndiyo naivalisha."

Alijenga banda la mabati nyuma ya nyumba, akaweka meko ya kuyeyushia nta, akafunga kamba za kuanikia chini ya paa refu lenye kivuli. Mdogo wake, ambaye ni mama yangu mdogo, ndiye aliyekuwa msaidizi wake. Mimi nafundisha kemia sekondari, hapohapo mjini, na naishi kwa mama. Yeye husema nilizaliwa kabla maji hayajachemka, ndiyo maana sijui kungoja. Sibishi.

Basi mwaka mmoja, mpunga ukiwa umesimama, tuliitwa ofisi ya mtaa. Aliyetushtaki ni baba mmoja ambaye majaruba yake ndiyo ya kwanza mtaro unapofika bondeni. Hakuja na karatasi wala shahidi wa kuzungumza. Alikuja na ng'ombe wake dume, mweupe pe, akamfunga kwenye nguzo ya ofisi mbele ya watu wote. Yule ng'ombe alikuwa wa bluu kuanzia kwato mpaka magotini, na mdomo wake wa bluu pia, kana kwamba amekula wino. Watu wakaangua kicheko. Mwenyekiti wa mtaa mwenyewe alijifanya anakohoa.

Baba yule aliwaacha wamalize.

"Mnacheka ng'ombe amevaa soksi," akasema. "Mpunga wangu nao umezivaa. Na wali mnakula ninyi."

Kicheko kilikufa palepale. Mama alikuwa amekaa benchi la mbele, na niliona akivuta kanga yake ikamfunika mikono, ile mikono iliyokuwa na bluu kwenye kucha.

Afisa mazingira wa halmashauri alikuwepo, mtu wa Tanga aliyehamishiwa kwetu, mwenye Kiswahili cha kuteleza. Alikuwa amevaa shati la batiki, na kila mtu alijua lilikotoka. "Mama yangu," akasema, "kazi yako tunaipenda, na mimi mwenyewe nimejisitiri kwayo kama unionavyo. Lakini sheria haina shati." Uamuzi ukatoka: wakati wa kumwaga mbegu za mpunga, mvua zikianza, mtaro ukionekana una rangi, banda litafungwa.

Hapo ndipo niliposimama. Hakuna aliyeniita. Nikasema kwamba kabla ya mvua, maji ya mtaro huu ng'ombe huyuhuyu atayanywa na miguu yake itabaki myeupe, kwa sababu jua litayasafisha.

"Basi litufulie na nguo!" mtu akapaza sauti nyuma, na kicheko kikafufuka, safari hii juu yangu.

Mdomo uliponza kichwa. Lakini sikuwa nimesema ovyo. Mwaka wangu wa mwisho chuoni niliumaliza na unga mweupe uitwao titani dioksidi, ndugu wa ule unaotiwa kwenye rangi za ukuta ili ziwe nyeupe. Unga huo ni kichocheo, yaani unaifanya kazi iende bila wenyewe kuisha, na kinachouamsha ni mwanga. Mwanga wa jua ukiupiga ukiwa ndani ya maji, unaanza kuvunjavunja vitu vilivyomo, na rangi za kutilia nguo ni miongoni mwa vitu unavyovivunja kwa hamu. Nilikuwa nimeyaona hayo kwa macho yangu katika vyombo vya kioo vya maabara. Mtaroni sikuwahi.

Mama hakunilaumu. Ila tangu siku ile, akienda gulioni na mzigo wake wa vitambaa, hakupita tena ile njia fupi ya bondeni kando ya majaruba ya yule baba. Alizunguka kwa barabara kubwa, jua la utosi, mzigo kichwani. Alisema barabara kubwa ina watu wa kusalimiana nao. Mama yangu hajawahi kupenda kusalimiana kiasi hicho, na kila nilipomwona akikunja kona kuelekea barabarani, moyo uliniuma nikazidi kuwa mkali kwa watu wasiohusika.

Nikaanza kazi. Mwalimu aliyenisimamia chuoni alinitumia kopo la unga kwa basi. Nilizunguka kwenye nyumba zinazojengwa nikaokota vigae vya sakafu vilivyovunjika, nikakoroga unga na maji yenye siki, nikapaka upande wa kigae ulio na mikwaruzo. Ili unga ushike lazima upitishwe motoni, kwa hiyo nilimbembeleza mchoma matofali anipangie vigae vyangu juu kabisa ya tanuru, pale moto unapofika ukiwa umeshachoka. Moto ukizidi, unga hubadilika tabia na mwanga hauuamshi tena vizuri. Mchoma matofali alinitazama kama mtu aliyeombwa achome mayai, lakini alikubali.

Nyuma ya banda tukajenga vibeseni vitatu vya saruji, vipana na vya kina kifupi, kimoja chini ya kingine, maji yakijaa cha kwanza yadondokee cha pili, kisha cha tatu. Mama alivitazama akaviita majaruba, na jina likabaki. Ndani tukatandaza vigae. Maji ya rangi tuliyaacha kwanza yatulie pipani, tukayachuja kwa mchanga, tukapunguza kwa siki ukali wa kostiki, ile magadi kali inayoshikisha rangi, ndipo tukayafungulia.

Siku ya kwanza niliyafungulia asubuhi nikamwambia mama, kwa sauti ile ya mwalimu ambayo hata mimi siipendi: "Mayu, haya maji uyaangalie kama ya kunywa. Jua litayapika taratibu." Nikapanda baiskeli nikaenda shuleni nikiwa na furaha ya mtu aliyeshinda tayari.

Jioni niliporudi maji yalikuwa ya bluu ileile, yananitazama.

Kesho yake vilevile. Na siku iliyofuata. Nikaongeza unga kwenye vigae, mwisho wa juma nikavirudisha tanuruni, nikavitandaza upya. Bluu. Nikapunguza maji yakawa kimo cha kidole. Bluu. Kilichonitia wazimu ni kwamba shuleni mambo yalikuwa yakienda. Nilichukua maji yaleyale na kigae kilekile, nikaviweka kwenye bakuli la kioo dirishani mwa maabara, na kabla ya chakula cha mchana bakuli lilikuwa halina rangi. Wanafunzi wakapiga makofi. Nikirudi nyumbani, bluu.

Nilimgombeza kila mtu niliyeweza kumfikia. Mchoma matofali nilimwambia ameniunguzia. Muuza siki nilimwambia ananiuzia maji ya ndimu. Mwisho nikampigia simu mwalimu wangu wa chuo, nikamweleza, naye akaniuliza kwa upole, "Una uhakika vigae vinapata mwanga?" Nikamjibu kwamba yeye yuko Dar es Salaam anatafuta kivuli, halafu ananiuliza mimi wa Simiyu kama nina mwanga? Akacheka, akasema haya. Sasa nikikumbuka simu ile, natamani ardhi inimeze.

Mama alikuwa akiniona nikizunguka vile vibeseni nikisema peke yangu. Jioni moja aliniletea michembe na maziwa mgando, akakaa kando yangu. Viazi vile alikuwa amevikata na kuvikausha yeye mwenyewe, na aliniangalia nikila kama alivyokuwa akiniangalia nikiwa mdogo na homa.

"Acha, ng'wana wane," akasema. "Nitarudi Dutwa. Nitalima choroko. Choroko haihitaji mgongo sana."

Choroko inahitaji mgongo, na yeye alijua, na alijua kwamba najua. Nikamwambia halimi kitu. Nilisema kwa hasira, lakini hasira ile ilikuwa woga mtupu. Nilimwona tayari yuko shambani ameinama, na banda lina kufuli.

Mvua zilikuwa bado, ila upepo ulishaanza kugeuka. Siku moja wanafunzi walimaliza mtihani mapema, nami nikarudi nyumbani jua likiwa katikati. Nikapitia nyuma, kama kawaida, kuangalia maji yangu. Sikuyaona. Niliona mabati. Kibeseni cha kwanza kilikuwa kimefunikwa kwa bati zima na jiwe juu yake. Cha pili kwa jamvi. Cha tatu kwa nyungo mbili zilizopandana, zimekaa sawasawa, bila hata upenyo wa nzi kupita. Mama alikuwa kivulini anakata viazi, ametulia, sura ya mtu ambaye nyumba yake iko katika mpangilio.

"Mayu! Nani kafunika maji?"

"Ni mimi. Kwani kuna nani mwingine hapa?"

"Leo tu?"

"Kila siku. Ukiondoka nafunika. Jioni vumbi likitulia na kuku wakienda kulala, nafunua yapate kupumua."

"Na hukuniambia?"

Mama akaacha kisu. "Mtu huambiwa kwamba maji yamefunikwa? Wewe umelelewa wapi? Maji ya nyumba yangu hayakai wazi."

Na ni kweli. Ukiingia nyumba yoyote kwetu, ya tajiri au ya fukara, maji yana kifuniko. Mtungi una kifuniko chake, na ndoo ina sahani juu. Mama alipokuwa mtoto, binti aliyeacha mtungi wazi alichapwa, na mimi pia niliwahi kuchapwa. Kisha kikaja kipindupindu, wahudumu wa afya wakapita nyumba hadi nyumba wakisema funikeni maji, wakamkuta mama ameshafunika tangu kabla hawajazaliwa. Hayo yote niliyajua. Ningeweza kuulizwa usingizini kama mama anafunika maji, nikajibu ndiyo. Ila kichwani mwangu yale hayakuwa maji, yalikuwa jaribio.

"Wewe ndiye uliyesema niyaangalie kama ya kunywa," akaendelea. "Ya kunywa hufunikwa. Na ulisema jua litayapika. Chungu kisichofunikwa kinaiva lini? Hebu weka mkono chini ya bati hilo, uone lilivyo na moto."

Nikaweka. Palikuwa na moto kweli. Hoja zake zilinyooka zote na hakuna hata moja niliyoweza kuipinda, na hilo ndilo lililonimaliza. Nikapiga teke ndoo iliyokuwa karibu. Ndoo haikuwa na kosa lolote, na ilikuwa imejaa maji ya kunywa, yaliyofunikwa vizuri kwa sahani.

Mama alitazama maji yakizama mchangani, akatazama sahani ilikobingirikia. "Haya," akasema. "Na hayo nani anakwenda kuyachota?"

Nilikwenda mimi, pamoja na shahada yangu. Foleni bombani ilikuwa ndefu, na foleni ni dawa nzuri ya hasira, maana huwezi kuwaka mbele ya akina mama kumi wanaokuuliza habari za kazi. Niliporudi na ndoo kichwani nikapita mbele ya banda, nikaona vitambaa vipya vimeanikwa chini ya paa, vimejipanga kivulini, hata kimoja hakijatoka nje. Nikasimama hapohapo, maji yananidondokea shingoni. Kila mteja anayenunua kwa mama huambiwa neno moja kabla hajaondoka: anika kivulini.

Nikatua ndoo. Nikaifunika. Kisha nikamfuata.

"Mayu, kwa nini unaanika vitambaa kivulini?"

Alinitazama kwa shaka, akidhani bado nina hasira. "Juani rangi inaliwa. Hata mtoto anajua."

"Inaliwa na nini? Na joto?"

"Na joto, ndiyo." Kisha kiazi kikabaki mkononi bila kukatwa. Mama akiwa hivyo huwa anatembea ndani ya jambo. "Hapana," akasema polepole. "Pasi ya mkaa ina moto kuliko jua. Napiga pasi kitambaa kilekile mara nyingi, na rangi haitoki."

"Basi si joto."

"Ni kule kung'aa kwenyewe," akasema. "Ni mwanga."

"Mwanga ndiye mla rangi," nikamwambia. "Ila ana meno mabovu, anakula polepole, kitambaa kinachukua msimu mzima kupauka. Unga wangu ni meno mapya."

Mimi nilikuwa nimemweleza jambo hili mwanzoni, na nilimweleza kwa maneno ya ubaoni, nikitaja elektroni, naye akaitikia kwa adabu kama anavyoitikia mahubiri ya mgeni. Sasa alisimama, akavuta jiwe, akaliinua lile bati yeye mwenyewe na kulitupa pembeni kwa kishindo.

"Kumbe nimemfungia mlaji nje," akasema, "na chakula nimekiweka ndani!"

Tulicheka mpaka mama mdogo akatoka bandani na mikono ya nta kuuliza kuna nini. Tulipomweleza, naye akaketi chini.

Kesho yake tuliacha vibeseni wazi. Niliporudi kutoka shuleni bluu ilikuwa imepungua kweli, ilikuwa imepauka kama sare ya shule ya mwaka wa tatu. Lakini kimbunga cha vumbi kilikuwa kimepita mchana, kile cha kiangazi kinachozunguka na kubeba takataka za mtaa mzima, na maji yalikuwa uji. Kuku na vifaranga wake walikuwa wametembea kibeseni cha pili chote. Mbuzi wa watu alikuwa amesimama ndani ya cha tatu, anatafuna. Vigae vilikuwa vimefunikwa na tope, na unga uliofunikwa na tope haupati mwanga, sawa na uliofunikwa na bati.

Mama alikuwa amekaa palepale kivulini. Hakusema nilikwambia. Alisema, "Sasa sema wewe."

Nilifikiria nailoni, lakini nailoni ya kwetu hainusuriki na upepo, na mbuzi huila. Nilikwenda kulala nikiwa nimevunjika moyo kuliko siku zote za bluu, kwa sababu sasa nilijua kitu kinafanya kazi na bado nilikuwa nashindwa.

Inabidi niseme kuhusu madirisha ya mama. Nyumba za upande wetu wakati ule zilikuwa na madirisha ya mbao, ukifunga ni giza. Mama alipoanza kuuza vitambaa, kitu cha kwanza alichojipa mwenyewe kilikuwa vioo vya sebuleni. Kila Jumamosi alivifuta kwa gazeti lililoloweshwa mpaka ndege wakawa wanajigonga. Wageni walikaribishwa kiti kinachotazama dirisha. Alikuwa anapenda kukaa pale jioni, anaona barabara bila kuonekana anachungulia, na mimi nilimtania kwamba ameweka runinga isiyotumia umeme.

Siku iliyofuata nilirudi kutoka shuleni, na nikiwa bado barabarani nikaona kitu kimekosekana usoni mwa nyumba yetu. Madirisha yalikuwa mashimo. Kanga zilikuwa zimetundikwa, zinapeperuka ndani na nje. Nikatupa baiskeli nikakimbilia nyuma nikidhani tumeibiwa.

Vioo vilikuwa juu ya vibeseni. Alivilaza kimoja kimoja juu ya tofali, vimeinama kidogo ili vumbi liteleze, na kuzunguka pande zote aliweka matofali mengine kuzuia kuku. Alikuwa amevifuta. Chini yake maji yalionekana waziwazi, na vigae, na jua limeingia mpaka chini. Mama mdogo alisimama kando amefungwa kitambaa kidoleni, kioo kimoja kilimkata.

"Yamefunikwa," mama akasema. "Na mlaji anapita. Au kuna neno?"

Nikamkumbatia, jambo ambalo hatulifanyi sana kwetu, naye akanipigapiga mgongoni kama anayemtoa mtoto gesi, akasema viazi vinaungua.

Kioo cha kawaida huzuia sehemu ndogo ya mwanga ambao unga unauhitaji, lakini kinapitisha wa kutosha. Nilijua hivyo, na Jumamosi ile sikwenda popote. Tulifungulia maji asubuhi, bluu ya yule ng'ombe, tukaweka viti vitatu kivulini kama watu wanaongojea harusi ipite. Mwanzoni hakuna kilichotokea. Mama mdogo akasinzia. Kisha jua likapanda, na katika kibeseni cha tatu nikaanza kuona nyufa za vigae ambazo hazikuwa zikionekana. Baadaye bluu ya cha pili ikapoa, ikawa bluu ya anga la asubuhi, halafu ikawa kama maji yaliyosuuziwa kikombe cha maziwa. Adhuhuri mama alisimama akaenda kuchuchumaa kando ya cha tatu. Akainua kioo, akachovya mkono wake ndani, mkono wenye kucha za bluu, na mle ndani bluu ya pekee iliyokuwepo ni ya kucha zake.

Akapiga kigelegele kimoja kirefu mpaka mbwa wa mtaa wakaitikia. Mimi nilikuwa narukaruka. Mwalimu wa sekondari, mtu mzima, narukaruka nyuma ya banda nikipiga kelele "Limekula! Limekula!" naye mama mdogo akaamka kwa kushtuka akidhani fisi amekula mbuzi.

Lakini rangi kupotea si ugonjwa kupona. Jambo hilo nawaambia wanafunzi wangu kila mwaka: maji yanaweza kuwa meupe na bado yakawa na kitu. Nikachota kwenye chupa nikampelekea afisa mazingira ayafikishe maabara. Kisha nikashuka bondeni, nikaenda kwa yule baba mwenye ng'ombe, nikapiga hodi.

"Mwadila, bhabha," nikamwamkia.

"Mwadila." Alitazama chupa mbili nilizoshika, moja ya bluu, moja nyeupe. "Umeleta maji ya kunionyesha. Macho yanadanganyika, mwalimu."

"Ndiyo maana sitaki uyaangalie. Nataka uyaoteshee mpunga."

Hilo lilimwingia. Alichagua mbegu mwenyewe, kutoka kwenye akiba yake, nami sikugusa hata punje. Akazigawa kwenye mabakuli matatu: moja la maji ya kisima chake, moja la maji ya bluu niliyompa kama yalivyo, moja la maji yaliyotoka chini ya vioo. Akayaweka ndani kwake mwenyewe, na akaniambia nisije kuchungulia. Sikwenda. Nusura nife kwa kungoja.

Alikuja yeye. Tulikuwa tunachemsha nta tukamwona anapanda kutoka bondeni na sinia mikononi, anatembea kwa uangalifu. Alitua sinia mbele ya mama, si mbele yangu. Bakuli la bluu lilikuwa na mbegu zilizovimba na vijimizizi vifupi, vya kahawia, vilivyopinda. Mabakuli mawili mengine yalikuwa yameota mpunga wa kijani, uliosimama wima, na hungeweza kusema lipi ni lipi.

"Mimi ninajua kwa sababu niliweka alama," akasema. "Bila alama nisingejua."

Mama alimwekea kiti. Majibu ya maabara nayo yakatoka, na afisa akatusomea: yanafaa kwa mpunga na kwa mifugo. Si ya binadamu kunywa, na sijawahi kusema ni ya kunywa. Siku za mawingu tunayahifadhi mapipani tunangoja jua, na kwetu jua halina deni na mtu.

Mvua zikaja. Siku ya kukagua mtaro walishuka watu wengi kuliko waliokuwa mkutanoni, hata yule aliyesema jua litufulie nguo. Tangu asubuhi mama alikuwa ametia bluu, kwa makusudi, bluu iliyokoza kuliko zote, na sikuweza kumzuia. Jua lilitoka kati ya mvua mbili likakaa. Mchana tukafungua kibeseni cha tatu, maji yakashuka mtaroni, na yule baba akamleta ng'ombe wake mweupe.

Ng'ombe alinusa. Akapumua. Akanusa tena, na mimi nilikuwa nimeushika mkono wa mama mdogo mpaka akalalamika kidole chake. Kisha akaingiza miguu ya mbele mtaroni, akainama, akanywa, kwa mikupuo mirefu yenye sauti. Alipotoka, yule baba aliinama akamwinua mguu mmoja juu, kama fundi viatu, akatuonyesha sote. Ulikuwa na tope, na chini ya tope ulikuwa mweupe.

"Shahidi amekwisha kutoa ushahidi," afisa wa Tanga akasema, na watu wakashangilia. Banda halikufungwa, na mpaka leo halijafungwa.

Lakini ushindi wangu mimi niliuona siku ya gulio iliyofuata. Mama alifunga mzigo wake, akajitwika, na alipofika kwenye kona ya barabara kubwa hakukunja. Alinyoosha bondeni. Nilikuwa nyuma yake na mzigo mdogo, nikapunguza mwendo nisije nikaharibu. Tulipita juu ya tuta jembamba kando ya majaruba ya yule baba, naye alikuwa ndani ya maji mpaka magotini anapanda miche.

"Mwadila, mayu!" akaita. "Leo mmetia rangi gani?"

Mama hakusimama. "Tazama mtaroni kama ulivyozoea."

Yule baba akasogea ukingoni, akainama, akatazama kwa muda.

"Sioni kitu, mayu."

"Haya," mama akasema, mzigo kichwani, shingo imenyooka. "Ni hiyohiyo niliyoitia."

Akaendelea kutembea juu ya tuta, njia fupi, mpaka gulioni.